Mdogo wangu hakuwa kichaa: tuliyojifunza nyumbani kuhusu matatizo ya haiba

Hapa Busia, upande wa Uganda, mtu akianza kuokota makaratasi na kujibizana na sauti ambazo wengine hawazisikii, mtaa mzima unajua la kufanya. Ndugu wataitana, sheikh au mchungaji ataombwa asome, na mwishowe mgonjwa atapandishwa gari apelekwe hospitali, ikibidi mpaka Butabika kule Kampala, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa 1955. Njia ipo na watu wameizoea. Mdogo wangu hakuwa na njia hiyo. Anahesabu pesa bila kukosea shilingi, anazungumza Kiswahili, Kisamia na Kiganda, anapika, anaswali, anawakumbuka wateja kwa majina ya watoto wao. Na bado tangu akiwa sekondari maisha yake yamekuwa ya kuvunjika na kuungwa, kuvunjika na kuungwa, na sisi tulio karibu naye tunavunjika pamoja naye.

Shangazi zetu walisema kadekezwa. Majirani walisema ana kiburi. Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba ni mwerevu ila hana nidhamu. Kila mmoja alikuwa anaeleza kipande alichokiona. Tatizo la haiba, yaani la namna mtu alivyozoea kufikiri, kuhisi na kuishi na wenzake, hulioni kwa kumtazama mtu siku moja. Linajitokeza katika miaka, tena linajitokeza baina ya watu: namna mtu anavyopenda, anavyogombana, anavyoachana na wenzake, anavyojitazama mwenyewe. Ukimkuta amekaa peke yake dukani, hana neno.

Mimi nanunua mahindi na maharage vijijini na kuwauzia wafanyabiashara wa Jinja na wa upande wa Kenya, kwa hiyo nasafiri sana. Siku moja nilikuwa Jinja nasimamia upakuaji wa lori, simu iko mkobani. Nilipoitoa nilikuta msururu wa simu na jumbe zake. Ujumbe wa kwanza ulisema, "Dada, ukifika niambie." Zilizofuata zilizidi kuwa kali: uko wapi, mbona hunijibu, nimekukosea nini, najua umenichoka, hata wewe. Wa mwisho ulisema nisimwite tena mdogo wangu. Yote hayo ndani ya muda wa kupakua magunia. Nilipompigia alilia mpaka maneno yakawa hayasikiki. Usiku niliporudi nyumbani nilikuta amenipikia sangara wa nazi na amefua nguo zangu zote. Hakuwa anaigiza mchana, wala hakuwa anaigiza usiku. Hofu ile ilikuwa ya kweli na mapenzi yale yalikuwa ya kweli.

Rafiki mpya kwake huwa malaika kwa wiki chache, kisha akichelewa tu kumtembelea anakuwa mnafiki asiyefaa kusalimiwa. Alianza kusomea ususi, akaacha. Akaanza upishi wa hoteli, akaacha. Kuna kipindi alivaa nikabu na kuhudhuria darsa kila alasiri, kipindi kingine alikata nywele na kutaka kuhamia Nairobi awe mwimbaji. Hakuwa mvivu. Alikuwa anatafuta yeye ni nani. Nilipomuuliza anasikia nini moyoni alisema, "Dada, si huzuni. Hakuna kitu. Ndani hakuna kitu kabisa." Na nyakati zile ambazo maumivu yalimzidi, alijiumiza mwili. Mama alikuwa akiona makovu anageuza uso, na sikumlaumu, maana hakuna aliyewahi kumwambia mama afanye nini na jambo kama hilo.

Mama alimpeleka kwa sheikh wa mtaa wetu kwa kisomo. Ninamheshimu sana mzee yule kwa alichokifanya. Alimsomea, akamwombea, kisha akamwita mama pembeni akamwambia kwamba Mungu ameweka dawa na ameweka madaktari, na kwamba binti huyu asiachiwe kisomo peke yake.

Hospitali ya kwanza walimwandikia ana bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kwa vipindi, akapewa dawa, akanenepa, na mambo yakabaki yale yale. Simlaumu aliyemwona; foleni ilikuwa ndefu, na mtu anayesema leo anacheka na kesho analia hufanana na mwenye bipola. Mambo yalibadilika tulipokutana na afisa kliniki wa magonjwa ya akili, mama mmoja mtulivu, ambaye hakumuuliza tu mgonjwa. Alituuliza na sisi. Alitaka kujua hali ile hudumu kwa muda gani, huanzishwa na nini, na ilianza akiwa na umri gani. Tukamweleza kwamba hubadilika kwa saa, mara nyingi kwa siku moja, na karibu kila mara kuna mtu aliyeondoka, aliyechelewa au aliyemkosoa. Akatueleza tofauti ambayo sijaisahau. Mtu mwenye bipola akipanda, hupanda kwa siku nyingi mfululizo. Hali ile ya juu kabisa huchukua wiki nzima au zaidi, anaweza asilale na asichoke, hata kama hakuna aliyemkosea. Kwa mdogo wangu, dhoruba ilikuja na mtu na ikaondoka na mtu.

Alituambia hii ni haiba yenye hisia zisizotulia, ambayo madaktari wengi huiita bodalaini. Kitabu cha uainishaji wanachotumia madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano lililotoka 2013, kinataja dalili tisa, na mtu akiwa na tano za muda mrefu anaweza kuhesabiwa kuwa na hali hiyo. Alizisoma polepole, na mdogo wangu akawa anaitikia kwa kichwa: hofu kubwa ya kuachwa, mahusiano yanayoruka kutoka kumtukuza mtu hadi kumdharau, kutojijua, kufanya mambo ya hatari bila kufikiri, kujiumiza au kutaka kufa, hisia zinazogeuka haraka, utupu, hasira isiyozuilika, na shaka au kujihisi nje ya mwili anapobanwa sana. Aliposikia ile ya utupu akaanza kulia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akiyataja mambo yake bila kumtukana.

Baadaye afisa yule alianzisha kikao cha ndugu wa wagonjwa, tunakaa chini ya mwembe wa kliniki mwisho wa mwezi. Huko ndiko nilikojua kwamba tatizo la mdogo wangu lina ndugu wengi. Kitabu kile kinataja aina kumi na kinazipanga katika makundi matatu. Sizielezi hapa ili mtu akampime shemeji yake. Nazieleza kwa sababu nimekaa na familia zao, na nimeona jinsi mtu anavyoteseka ikiwa hakuna anayeelewa kinachoendelea.

Kundi la kwanza ni la watu ambao wengine huwaona wa ajabu au wamejitenga. Mzee mmoja aliyekuwa akija kwenye kikao alimleta mwanawe, fundi hodari wa redio na simu, anayeamini kila mteja amekuja kumwibia, kila salamu ina mtego, na aliwahi kumpeleka mjomba wake polisi kwa sababu alicheka akipita. Hasikii sauti wala haoni vitu visivyokuwepo. Ni shaka iliyoota mizizi tangu ujana, na kinyongo hakimtoki. Hiyo ni haiba ya shaka, paranoia. Aina ya pili, skizoidi, ni mtu asiyetamani ukaribu wa watu: hana uchungu wa kukosa rafiki, sifa na lawama zote kwake ni sawa. Ya tatu, skizotaipi, ina mawazo na mwenendo wa ajabu, kuona ishara za siri katika mambo ya kawaida, na woga mkubwa mbele ya watu.

Hapa kwenye ya tatu lazima nisimame, kwa sababu sisi wa huku tunaweza kuandikiwa wote kwamba tunayo. Kuamini majini, kuamini kijicho, kusema marehemu bibi amekuja ndotoni na ujumbe, hayo si ugonjwa katika jamii inayoyaamini pamoja. Kipimo chenyewe kinasema mwenendo uwe umetofautiana waziwazi na kile ambacho jamii ya mtu inakitarajia. Vivyo hivyo na shaka. Kwenye kikao chetu alikuwepo mama mkimbizi kutoka Ituri, Kongo, asiyemwamini mgeni yeyote na asiyelala kabla hajakagua mlango. Ndugu zake walisema ana ile haiba ya shaka. Afisa akawauliza: kabla ya vita alikuwaje? Wakasema alikuwa mcheshi, nyumba yake haikosi wageni. Basi hilo ni jeraha la vita na lina tiba yake nyingine. Haiba haianzi ukubwani kwa ghafla; mzizi wake huonekana ujanani au mwanzo wa utu uzima.

Kundi la pili ndilo la mdogo wangu, la hisia kali na mwenendo wa kushtukiza. Pamoja na bodalaini, kuna histrioniki, mtu ambaye asipotazamwa anajihisi hayupo, hisia zake kubwa lakini hazina kina. Kuna narsisi: kujiona mkuu, kiu ya kusifiwa, na kushindwa kuusikia uchungu wa mwenzake. Na kuna ile ya kuvunja haki za wengine bila kujuta, kudanganya, kupiga, kutapeli. Hiyo hapewi mtu mpaka afike miaka 18, na lazima dalili za utovu mkubwa ziwe zilionekana kabla ya miaka 15.

Neno narsisi limekuwa tusi. Kila mume aliyeondoka ni narsisi, kila bosi ni narsisi, vijana wanarushiana kwenye WhatsApp. Naona ni ukatili, na tena linaficha jambo. Ubinafsi ni tabia ambayo wengi wetu tunayo kwa kiasi. Tatizo la haiba ni pale mtindo mmoja unapotawala kazini, nyumbani, msikitini na kwenye urafiki, miaka nenda miaka rudi, mtu hawezi kuubadili hata unapomgharimu. Kwa upande mwingine, dada mmoja kwenye kikao alikuwa anapigwa na mumewe, akawa anasoma kuhusu haiba usiku kucha ili apate namna ya kumvumilia. Nilimwambia mbele ya wote: kujua jina la tatizo lake hakukuwekei wajibu wa kupigwa. Afisa akaniunga mkono, akampeleka mwenyewe dawati la familia na watoto la polisi. Kwa hilo sina maneno mengi.

Kundi la tatu ni la woga. Hao ndio wanaosahauliwa, kwa kuwa hawasumbui mtu. Kuna anayejiepusha: anatamani sana watu lakini ana hakika watamcheka, kwa hiyo haendi harusini, haombi kazi, hajibu salamu. Kuna tegemezi, asiyeweza kuamua hata nguo ya kuvaa bila kuambiwa na mtu, na mtu huyo akiondoka anatafuta mwingine haraka. Hapa pia mila ipimwe kwanza. Bibi arusi anayemuuliza mumewe kabla ya kusafiri anafuata adabu ya nyumba alimolelewa. Wa mwisho ni mtu wa utaratibu uliokithiri. Baba mmoja, mhasibu, alikuwa anaandika upya daftari zima kwa sababu ya mstari mmoja uliopinda, kazi haiishi, watoto hawana ruhusa ya kupanga viatu kwa kuwa hawapangi anavyotaka. Wengi huchanganya hali hii na ule ugonjwa wa kunawa mikono mara mia. Yule wa kunawa huteswa na mawazo asiyoyataka. Huyu wa haiba anaona yeye ndiye aliye sahihi na dunia ndiyo iliyolegea.

Siku hizi Shirika la Afya Duniani limeachana na aina hizo karibu zote. Uainishaji wake mpya, ulioanza kutumika 2022, unauliza kwanza tatizo ni zito kiasi gani, jepesi, la kati au kali, kisha unaongeza mielekeo: huzuni na hofu nyingi, kujitenga, kutojali wengine, kutojizuia, au kushika utaratibu kupita kiasi. Mtindo wa bodalaini tu ndio uliobakizwa kwa jina lake. Mimi naupenda mpango huu, maana kwenye kikao sijawahi kuona familia ambayo mgonjwa wake aliingia vizuri kwenye kisanduku kimoja.

Mama aliuliza swali ambalo kila mama huuliza: nimemfanya nini? Jibu alilopewa lilikuwa la haki. Watoto huzaliwa na viwango tofauti vya wepesi wa kuumia, na sehemu kubwa ya hiyo hurithiwa. Mtoto wa namna hiyo akikulia mahali ambapo kila akilia anaambiwa anajidai, au akipitia vifo, kipigo au kudhalilishwa, hajifunzi namna ya kutuliza hisia zake. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, na matanga yalipokwisha hakuna aliyelitaja jina lake tena mbele ya watoto. Haikuwa nia mbaya ya mtu yeyote. Ndivyo tulivyolelewa wote.

Kuhusu tiba: hakuna kidonge cha haiba. Dawa hutumika kwa yale yanayoambatana, kama msongo mzito wa mawazo au kukosa usingizi. Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo ya muda mrefu na mazoezi. Kwa bodalaini, inayojulikana zaidi ni tiba ya dialektiki, inayomfundisha mtu kuzikubali hisia zake na pia kuzituliza, iliyobuniwa na Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambaye alichapisha majaribio yake 1991. Mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe akiwa msichana alilazwa kwa kujiumiza. Nilimsimulia mdogo wangu habari hiyo tukichambua maharage, akaniomba nirudie.

Mtaalamu kamili wa tiba hiyo hatuna mtaani. Afisa wetu alitufundisha alichoweza. Dhoruba ikija, mdogo wangu anajaza beseni maji ya baridi, anavuta pumzi, anazamisha uso kwa muda mfupi, anatoka, anarudia. Maji baridi usoni hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na ndani ya dakika chache anaweza kuongea. (Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu bila kumuuliza daktari.) Beseni lenyewe ni la bluu, liko chini ya mtungi, na watoto wa nyumbani wanajua si la kuoshea vyombo. Baada ya hapo anaandika: nini kilitokea, nilifikiri nini, kuna maelezo mengine? "Dada hajapokea simu. Nimefikiri amenichoka. Labda anapakua mzigo."

Na sisi tulibadilika. Nikisafiri namwambia saa nitakayompigia, na ninapiga saa ile ile, lori lipakuliwe lisipakuliwe. Nikiona anaanza kuwaka simwambii "acha hayo." Namwambia naona umeumia, kisha ndipo nasema ninaweza nini na siwezi nini. Matusi yakianza, ninasema nitaondoka na nitarudi baada ya swala ya isha, na narudi. Zamani mama alikuwa akimpa pesa ili anyamaze. Tuliliacha hilo, na miezi ya mwanzo ilikuwa migumu kupita kawaida.

Jambo moja halisubiri mazoezi. Mtu mwenye hali hii akisema anataka kufa, hata kama alishasema mara nyingi, aaminiwe. Wapo wanaokufa. Muulize waziwazi, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Sisi wa nafaka tuna hatari yetu: dawa za kuulia wadudu. Nilizitoa zote nyumbani, ziko stoo ya sokoni chini ya kufuli, na ufunguo anao mtu mwingine. Vidonge vya mama tunanunua vya siku chache chache.

Afisa alitupa pia sababu ya kuvumilia. Huko Marekani, utafiti wa muda mrefu ulifuatilia watu 290 wenye bodalaini. Baada ya miaka 10 wengi mno walikuwa wametulia dalili kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Waliofika kwenye maisha kamili, ya kazi na mahusiano mazuri, walikuwa nusu tu. Kujiumiza huwahi kupungua, utupu na hofu ya kuachwa huchelewa. Ndivyo tunavyoona hapa nyumbani. Makovu yake ni ya zamani. Ana kibanda chake cha kutuma na kutoa pesa karibu na stendi, na hajakifunga kwa hasira tangu akifungue. Ila bado nikichelewa anapauka.

Sasa ameposwa na kijana wa Tororo, dereva, mtu mpole. Nyumbani tumegawanyika. Mama anasema mambo ya hospitali yasitajwe, posa itavunjika na watu wataongea. Mimi nasema aambiwe, maana ndiye atakayepokea zile simu, na asipojua zina maana gani ataona ameoa ugomvi. Mdogo wangu ametusikiliza wote wawili, kisha akaamua mwenyewe: atamwambia baada ya Ramadhani, kliniki, afisa akiwepo, na ameniomba niwasindikize lakini nikae nje.